Kifuniko cha Bi Mwanamize

Wapokezi wa habari za kale, ambao kila mmoja hakosi kutia chumvi yake, nami nimewachuja kama mtu achujavyo tui, wamehadithia ya kwamba katika mji wa Ndarahima alitawala sultani jina lake Muadhi bin Shamte, mtu mkarimu wa mkono, mpole wa moyo na mzito wa kuamua, na mji wake ulikuwa na misikiti kumi na miwili na visima sabini na soko la hariri ambalo wageni walilijia kutoka mwendo wa miezi mitatu, na haukukosa neema yoyote ila moja, nayo ni kwamba watu wake hawakuwa wakila pamoja.

Na sababu yake, msicheke, ilikuwa ni nyama. Katika karamu moja ya enzi ya Sultani Shamte, baba yake Muadhi, sinia la wazee wa mtaa wa Vumbani liliwekewa kidari cha ng'ombe, na sinia la wazee wa mtaa wa Kitopeni likawekewa shingo, tena likaja nyuma. Wazee wa Kitopeni wakatazama shingo ile, wakanawa mikono bila kula, wakaondoka; na Ndarahima mtu akinawa bila kula amekutukana kuliko aliyekutajia mama yako. Kabla ya alasiri watu walikuwa wamepigana kwa magongo, na Sultani Shamte, kwa kuchoka nao, akajenga ukuta wa mawe baina ya mitaa hiyo miwili, wenye lango moja, na miaka arobaini ikapita watu hawaoani wala hawazikani, na kila mtoto akazaliwa na kufundishwa habari ya shingo ile kabla hajafundishwa jina la nyanya yake.

Basi jumba la Sultani lilikuwa na mpishi mkuu aitwaye Msellem, ambaye sifa zake zilivuka nchi saba. Pilau yake ilinukia kutoka maili moja, na karamu zake hazikuungua wala hazikuchelewa hata siku moja, na wala hakuna aliyemwona akipika, kwa kuwa alijifungia peke yake na kuwaachia watumishi kazi ya kupasua kuni na kumenya vitunguu. Mtu akimwomba amfunze walau kuunga mchuzi, humtazama juu chini, akasema, "Kamenye." Akawa hivyo mpaka akafa, Mungu amsamehe, na siku ya pili yake Sultani aliletewa wali ulioungua chini, mbichi katikati na uji juu, na akaletewa vivyo hivyo siku thelathini.

Sultani alipoona suruali inamvuka kwa kukonda, akatangaza kutafuta mpishi, na wapishi wakaja na majoho na majina marefu, na katika wote akachaguliwa mjane mmoja wa Kitopeni, Bi Mwanamize binti Haji, ambaye alikuwa akipikia watu harusi na matanga. Naye alikuwa mwanamke mnene, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi, na alikuja jumbani na kitu kimoja tu chake mwenyewe, kifuniko cha shaba kilichobonyea upande mmoja, ambacho hakukubali kukibadilisha hata kwa kifuniko cha fedha.

Jambo la kwanza alilolifanya jikoni ni kuliona lile sufuria kuu la Msellem, ambalo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, limeganda masizi. Bi Mwanamize hakuweza kuvumilia sufuria chafu. Akachukua majivu na makumbi ya nazi na ndimu tatu, akajifunga kanga kiunoni, akasugua. Na alipofika kitakoni mwa sufuria, mara moshi ukafuka bila moto, na jikoni pakatetema, na ndani ya ule moshi akatoka jini mrefu mwenye macho ya kijani, kichwa chake kikagota dari.

"Labeka, labeka!" akanguruma. "Mimi ni Kharbashi, mtumwa wa sufuria hili na wa kila mpishi mkuu anayelimiliki. Amuru upikiwe!"

Bi Mwanamize hakuachia kumbi lake. Akasema, "Shuka kwanza, unaniangushia masizi niliyoyatoa."

Jini akanywea akawa kimo cha mtu, kwa mshangao kuliko kwa utii, na akamweleza habari yake yote: ya kwamba alifungwa humo miaka mia tatu, na kwamba kila sifa ya Msellem ilikuwa kazi yake yeye, ambaye hukonyeza tu na sufuria likajaa; isipokuwa chumvi, maana majini hawali chumvi wala hawaigusi, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi pekee ya Msellem, kutia chumvi. "Na sharti ni moja," akasema. "Usimfunze mtu upishi. Siku utakayomfunza kiumbe yeyote, hata kukoroga uji, kifungo changu kinakatika na hunipati tena."

"Nioneshe," akasema Bi Mwanamize.

Jini akakonyeza, na pilau ikafurika, chembe moja moja, yenye zafarani na zabibu na nyama laini. Bi Mwanamize akatia chumvi, akawaita watumishi wote wa jikoni, akawawekea masinia, kisha akasimama kando akaangalia. Watu wale walikula mpaka wakalamba vidole. Lakini hapana aliyesema "nisogezee," hapana aliyemtania mwenziwe kwa tonge kubwa, hapana aliyeuliza kimepikwa na nani. Walimaliza, wakafuta midomo, wakatawanyika kama waliotoka kwenye mazishi ya mtu wasiyemjua.

Hapo Bi Mwanamize akaelewa kwa nini karamu za jumbani, kwa miaka yote ile, hazikuwahi kuwapatanisha hata watu wawili. Akamgeukia jini, akamwambia, "Chakula chako ni kizuri, sikatai. Lakini hapana aliyekitolea jasho, na aliyekila hana wa kumshukuru. Mimi nimepikia matanga ya watu waliokuwa wamenuniana miaka, na nimewaona wanaanza kusemezana kwa sababu ya ukoko tu. Chakula chako hakina hata ukoko. Nenda zako, Bwana Kharbashi, sikutaki."

Jini akakaa chini sakafuni. Mabwana arobaini walikuwa wamemmiliki, na wote walimtaka, na hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Na fahari yake ikamuuma kuliko kifungo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Huo ukoko, unafanywaje?"

"Njoo uone."

"Ukinifunza, kifungo kinakatika. Nitakuwa huru. Naweza nikaruka nikaenda zangu Mlima Kafu, kwetu majini, usipate jini wala msaidizi."

"Basi uruke ukijua kupika," akasema Bi Mwanamize, akamtupia kitunguu.

Na jini yule aliyepikia masultani kwa miaka mia tatu hakujua kukishika. Alikimenya mpaka kikabaki kiini tu, na macho yake ya kijani yakatoka machozi, na alipokikaanga alikiunguza, na Bi Mwanamize akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini hakumpiga mwiko wala hakumtukana, bali alimpa kitunguu kingine. Kwa kitunguu hicho cha pili kifungo kikakatika, kikalia kama kamba ya kitanda, na jini akawa huru. Wala hakuruka. Akauliza, "Hiki je, kimeiva?"

Basi baada ya hapo Bi Mwanamize alifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika Ndarahima. Alifungua mlango wa jiko la Sultani, akatangaza kwamba anayetaka kujifunza upishi na aje, mwanamume kwa mwanamke, wa Vumbani kwa wa Kitopeni, na kwamba hataki ada, anataka watu wenye mikono safi na wasiokata tamaa. Wakaja thelathini na tisa, na wa arobaini alikuwa Kharbashi, ambaye alivaa msuli na kofia na watu wakamwita Bwana Mgeni. Na mahodari wao walikuwa wawili: Mkasi binti Vuai, mfuma mikeka wa Vumbani, aliyekuwa na pua ya kutambua mdalasini ulioharibika akiwa mlangoni, na Shebwana, msokota kamba wa Kitopeni, mtu mzima wa miaka thelathini ambaye siku ya kwanza aliambiwa achemshe maji, akauliza atie mafuta kiasi gani.

Siku za mwanzo walikuwa wakitazamana kwa pembe ya jicho. Mkasi alikataa kukuna nazi iliyovunjwa na mtu wa Kitopeni, na Shebwana akasema kwamba Vumbani wanatia iliki kwenye kila kitu kwa sababu hawana cha kuficha isipokuwa harufu. Bi Mwanamize hakuwahutubia. Aliweka kanuni moja: mwanafunzi hali alichopika yeye, hula alichopika mwenziwe wa mtaa wa pili, na hula naye sinia moja, na baada ya kula humwambia kweli mbele ya macho yake. Siku ya saba Shebwana alikula samaki wa kupaka wa Mkasi, akasema, "Nimeshindwa kuuona ubaya wake, na nimeutafuta." Mkasi akainama kuficha meno yake.

Na Bi Mwanamize alikuwa na ada yake ambayo kila mwanafunzi aliishika. Wali unapokaribia kukauka, huchukua kile kifuniko chake, akakiweka juu ya sufuria, akakigonga kwa mwiko mara tatu, ta, ta, ta, kisha husikiliza mpaka kila mwanafunzi awe tayari, ndipo hupiga kelele, "Paliani!" na wote hupalia makaa juu ya vifuniko kwa pamoja. Wanafunzi nao wakawa wanagonga vifuniko vyao mara tatu, na hawakupalia mpaka wa mwisho amegonga. Kharbashi akamuuliza siku moja, "Somo," kwani ndivyo walivyomwita mwalimu wao, "kwa nini tunagonga?" Bi Mwanamize akababaika kidogo, akajibu, "Ndiyo siri ya wali." Na wote wakaipokea siri ile kwa heshima kubwa.

Sasa, Sultani alikuwa na waziri jina lake Jabali bin Nguzo, mtu wa cheo na wa kupenda cheo, ambaye ndiye aliyeshika funguo za lango la ukutani, na kila aliyetaka kupita alipaswa kumnyenyekea yeye. Aliposikia kwamba watu wa mitaa miwili wanakaa sinia moja jikoni, akaona funguo zake zinapungua uzito. Akaingia barazani, akainama, akasema, "Ewe Seyyid yangu, mwenye enzi na taadhima, jambo limenifikia nalo linaniunguza. Yule mwanamke anagawa siri za jumba lako barabarani. Pilau uliyokula jana, msokota kamba ameila mchana wake. Ikiwa alacho Sultani ndicho alacho mlalahoi, sultani ni nani? Na mpishi akishawafunza watu arobaini, wewe utakuwa na haja gani naye, na yeye na wewe?"

Sultani, ambaye nimekwisha kusema alikuwa mzito wa kuamua, akamwita Bi Mwanamize, akamuuliza mbele ya baraza zima, "Ewe Bi Mwanamize, huogopi kwamba uliowafunza watakupita?"

Naye akapiga magoti kwa adabu, kisha akainua uso, akajibu, "Ewe bwana wetu, Mungu akuzidishie umri. Mimi nilifunzwa na mama yangu kwa kupigwa mwiko vidoleni, nikajua kupika na nikajua kuogopa, na na uoga ulinichukua miaka mingi zaidi kuuacha kuliko upishi kuujua. Nikaapa kwamba atakayepita mikononi mwangu atapewa ujuzi bila woga. Marehemu Msellem aliulinda ujuzi wake vizuri, akaenda nao kaburini, nawe ukala wali ulioungua siku thelathini. Wanafunzi wangu wakinipita, nitakaa nile. Nimesimama jikoni tangu nina miaka minane, Seyyid yangu, miguu inaniuma. Hamu yangu ni kupikiwa na aliyenishinda. Na tena nasema bila haya: jiko ambalo watu wawili hawawezi kusimama pamoja, hata chakula chake hakitawakalisha watu pamoja."

Baraza likanong'ona, na Sultani akatabasamu. Lakini waziri hakushindwa na maneno. Akasema, "Maneno mazuri. Basi na yajaribiwe. Siku ya Mwaka mpya iko karibu. Na upikiwe mji mzima, Vumbani kwa sufuria ishirini na Kitopeni kwa sufuria ishirini, na wapike wanafunzi wake, na yeye akae kando yako tangu asubuhi, asiguse mwiko wala asipeleke neno. Lango litafungwa ili pasiwe na fujo. Sinia moja likirudi kwa kuungua au kwa ubichi, au mtaa mmoja ukipakuliwa kabla ya mwingine, basi yeye atoke Ndarahima na moto wake uzimwe, na hao arobaini wasishike mwiko tena maisha."

Watu wote walielewa ukali wa sharti lile la mwisho, kwa sababu mtaa utakaopakuliwa nyuma utakumbuka shingo, na magongo bado yalikuwapo juu ya dari za watu. Sultani akamtazama Bi Mwanamize, akimsihi kwa macho akatae. Yeye akasema, "Nimekubali."

Ikafika siku ya Mwaka. Juu ya mnara wa ukutani palitandikwa zulia, akakaa Sultani, na kuume kwake waziri, na kushoto kwake Bi Mwanamize mikono mapajani, amevaa kanga mpya zinazomkereketa. Kutoka pale aliona pande zote mbili: huku Vumbani, Mkasi na wenziwe na sufuria ishirini, na Kharbashi mmoja wao, na umati wa watu wamekaa mikekani, huku Kitopeni, Shebwana na wenziwe na umati wao. Lakini wao kwa wao hawakuonana, maana ukuta ulikuwa baina yao.

Mwanzo alijawa na fahari. Aliona wanavyokaanga vitunguu bila pupa, wanavyoosha mchele maji matatu, wanavyofunika nyama. Kisha akaona moshi wa Kitopeni ni mweupe na mzito, akajua kwamba kuni walizopewa zilikuwa mbichi, na hakuhitaji kumtazama waziri kujua ni nani aliyezigawa. Vumbani moto uliwaka vizuri na maji yalikuwa yanakauka, na Kitopeni maji yalikuwa bado yanatokota. Hapo moyo wake ukashuka, kwa kuwa alikumbuka ya kwamba siku zote yeye ndiye aliyepiga kelele ya kupalia, na hakuna siku aliyowafunza wafanye nini yeye asipokuwapo. Akasema moyoni, "Nimewafunza kila kitu isipokuwa kuwa bila mimi."

Mara njiwa mwenye macho ya kijani akatua begani mwake, akamnong'oneza, "Somo, ni mimi. Nimemwachia Mkasi sufuria yangu. Nikubalie kwa kichwa tu, nikonyeze mara moja, sufuria zote arobaini ziive pamoja. Hapana atakayejua. Utabaki na jiko lako, nasi tutabaki na wewe."

Nawaambia kweli, alitamani. Alijiona yuko njiani na kifurushi chake, na jiko lake limemwagiwa maji, na Shebwana amerudi kwenye kamba na Mkasi kwenye mikeka. Lakini akawatazama wale watu wanaotoka jasho chini, na akajua kwamba akiitika atakuwa amewaambia kwamba jasho lao si kitu. Akatikisa kichwa, la. Kisha akamwonesha njiwa kwa jicho ile sufuria yake iliyoachwa. Njiwa akainamisha shingo kwa aibu, akaruka akarudi kazini.

Na Vumbani, Mkasi alichukua kifuniko, akakiweka, akagonga: ta, ta, ta. Wenziwe kumi na tisa wakagonga. Makaa yakiwa tayari kwenye koleo, Mkasi akainua mkono, wote wakasimama. Alikuwa anasikiliza ukutani.

Kitopeni kimya.

Wazee wa Vumbani wakaanza kupiga kelele, na aliyewazidi ni mzee mmoja aliyeitwa Mzee Ngwali, ambaye siku ile ya kidari alikuwa kijana na alikula kidari chenyewe. "Palia, we mwana! Unangoja nini? Tuwatangulie hawa, tupakue kwanza!"

"Bado kule, babu," akasema Mkasi.

"Kule ni kwao! Wali utakuharibikia!"

"Utaharibika mikononi mwangu, babu, si mwako. Mimi sijafunzwa kupalia mpaka wa mwisho amegonga, na wa mwisho yuko nyuma ya ukuta." Akageuka akawaambia wenziwe, "Ondoeni kuni! Bakisheni jivu la moto tu," nao wakaondoa, na wali wa Vumbani ukakaa juu ya jivu unasubiri, na Mkasi akauma midomo.

Na nyuma ya ukuta Shebwana alikuwa amesikia vile vifuniko ishirini vikigongwa, akajua Vumbani wako tayari, na akasikia pia ule ukimya uliofuata, akajua kwamba Mkasi anamngoja. Machozi yakamjaa, na si kwa moshi. Akazichomoa kuni mbichi akazitupa, akaanza kukatakata kamba zake mwenyewe za makumbi makavu, kazi ya mwaka mzima, alizokuja nazo ziwe kikalio, akazitia mekoni, na moto ukapanda na maji yakakauka. Na alipoona chembe zimesimama akakamata kifuniko, akakigonga kwa nguvu zake zote: ta, ta, ta! Wenziwe wakagonga. Kutoka upande wa pili, Mkasi akapiga kelele ambayo ilisikika mpaka mnarani, "Paliani!" na sufuria arobaini zikapaliwa makaa kwa mara moja.

Bi Mwanamize alilia mbele ya Sultani na hakujifuta.

Vifuniko vilipofunuliwa, vilifunuliwa pamoja, na mvuke ukapanda pande zote mbili ukakutana juu ya ukuta, na masinia yakawekwa, na hakuna lililoungua wala lililokuwa bichi. Sufuria ya Kharbashi ilikuwa na chumvi kidogo mno, kwa kuwa aliitia amefumba macho na vidole vinamwasha, lakini aliitia kwa mkono wake, naye ni jini wa kwanza kufanya hivyo. Na watu hawakula kimya. Walisema "nisogezee," wakagombea ukoko, wakauliza kimepikwa na nani, na mama yake Mkasi akasimama juu ya kinu ili aonekane akijibu.

Ndipo Mzee Ngwali akauliza, "Huyo wa kule, aliyetufanya tungoje, kuni zake zilikuwaje?"

"Mbichi," akasema Mkasi. "Wamepewa mbichi, moshi wao ulikuwa mweupe."

"Na sisi tumengoja."

"Tumengoja, babu."

Mzee akatazama kidari kilichokuwa juu ya sinia lake. Akainuka, magoti yakamlia, akalibeba sinia zima mpaka ukutani, akapaza sauti, "Enyi wa Kitopeni! Kidari hiki ni chenu. Kimechelewa miaka arobaini, mtatusamehe!" Akaliinua juu ya kichwa chake, na kutoka upande wa pili mikono ikalipokea, na kabla hajashusha mikono, likamjia sinia jingine, na juu yake shingo, imepikwa mpaka inadondoka mfupani, na sauti ikasema, "Nanyi ionjeni hii, muone tulichokikataa!" Akaionja, akacheka mpaka meno yake mawili yakaonekana. Masinia yakaanza kupita juu ya ukuta huku na huku, mpaka watu wakachoka kuinua mikono, na kijana mmoja akang'oa jiwe la juu ili apitishe sinia vizuri, na mwingine akang'oa la pili.

Waziri akasimama. "Seyyid yangu! Wanabomoa ukuta wa baba yako! Niite askari!"

Sultani alikuwa ameletewa masinia mawili, na mikono yake yote miwili ilikuwa na wali. Akasema, "Wacha wamalize. Kisha keti ule, ewe Jabali, au nawa uondoke, tujue." Na hiyo ndiyo hukumu aliyoitoa kwa haraka kuliko zote katika utawala wake. Waziri akaketi, akala.

Kisha Sultani akamgeukia mpishi wake. "Ewe Bi Mwanamize, nimeonja huku na huku, na siwezi kuutambua mkono wako. Niambie, kule kugonga mara tatu, kulikowaunganisha mbele ya macho yangu, ni hekima gani? Nataka iandikwe."

Bi Mwanamize akaona haya, uso ukamwiva. Angeweza kunyamaza, na hekima ingeandikwa kwa wino wa dhahabu. Lakini alishachoka na siri za jikoni. "Bwana wetu, si hekima. Mwaka fulani mbuzi aliingia jikoni kwangu akala mchele wa watu, nami nikamtupia kifuniko. Mbuzi alinikwepa, kifuniko kikabonyea, na tangu siku hiyo hakikai mpaka nikigonge. Waliponiuliza nikaona aibu, nikawaambia ni siri ya wali. Vifuniko vyao wao ni vizima. Kosa ni langu, na lililofanyika leo ni lao."

Sultani alicheka mpaka kilemba kikamwangukia siniani, na habari ya mbuzi ikashuka mnarani ikasambaa mitaa miwili kabla ya chai. Kisha akasema, "Omba utakalo, hata nusu ya hazina yangu."

"Naomba mawe ya ukuta huu, kila nyumba ipewe matatu ya kufanyia mafiga."

Basi ikawa hivyo, na ukuta wa Sultani Shamte ukaisha kwa kubebwa matatu matatu, na ukaingia majikoni mwa watu. Sultani akampa Bi Mwanamize, juu ya aliyoyaomba, nyumba ya ghorofa na shamba la minazi na jina la Mama wa Jiko, na mwezi wa Rajabu Shebwana akamwoa Mkasi, na walipikiwa harusi na wanafunzi wao wenyewe, huku Bi Mwanamize amekaa mkekani miguu ameinyoosha, anapikiwa, na hakupata kuonekana mwenye fahari kuliko siku ile. Kharbashi alikula harusi, akaaga, akarudi Mlima Kafu na mfuko wa chumvi mgongoni, kufungua jiko. Na Waziri Jabali, ambaye funguo zake hazikuwa tena na lango, aliomba mwenyewe kufunzwa. Na Mkasi akampa kitunguu, na alipokiharibu, akampa cha pili.

Nanyi mliosikiliza, jueni kwamba ujuzi ukifichwa hufa na mwenyewe, na ukigawanywa hupata mikono mingi ya kuubeba. Mkipita Ndarahima saa za adhuhuri mtasikia mji mzima unagonga vifuniko, nyumba kwa nyumba, mara tatu, na vifuniko vyote ni vizima. Waulizeni kwa nini. Hakuna atakayewaambia ni siri. Watainua vichwa, wawaambie kwa fahari kwamba Somo wao alimtupia mbuzi, akamkosa.